Tusiiulize Sinema, Tumuulize Mwenye Kuchagua

Katika mabaraza yetu ya Pwani, likitajwa neno sinema mazungumzo hugawanyika papo hapo. Huyu atasema sinema ni fitina, imewatoa vijana adabu. Yule atasema ni burudani tu, mtu huenda akacheka saa mbili akarudi kwake salama. Wote wawili husema kana kwamba sinema ni kitu kimoja. Ni kama mtu abishane kuwa chakula ni kizuri au ni kibaya, pasi na kuuliza ni chakula gani, kimepikwa na nani na katika sufuria gani.

Leo naomba niliweke swali mahali pake. Tusiiulize sinema. Tumuulize mwenye kuchagua. Ni nani aliyeichagua filamu hii? Aliichagua kwa sababu gani? Na taa zikishawashwa, yupo mtu wa kuulizwa? Upande wa sheria ya dini una wenyewe, nao ni masheikh wetu, wala siingii ndani ya kanzu isiyonienea. Nasema kama mtu wa kalamu ambaye ameona mambo mawili matatu.

Huko ng'ambo kuna aina ya nyumba za sinema ambazo hapa kwetu hazijulikani sana. Ni nyumba ndogo, aghlabu yenye pazia moja au mawili na viti mia moja au mia mbili. Tofauti yake na majumba makubwa si udogo wake bali ni mpango wake. Katika jumba kubwa, kampuni ya filamu ndiyo ipangayo: filamu huja na matangazo ya mamilioni, na isipojaza ukumbi juma la kwanza, juma la pili haipo tena. Katika nyumba ndogo kuna mtu ambaye kazi yake ni kuchagua. Hutafuta filamu za watu waliotumia fedha zao wenyewe au za marafiki, filamu za lugha za mbali, filamu za kale zilizosahauliwa. Akiipata iliyo na kitu ndani yake huiweka, akaingoja. Wiki ya kwanza wakija watu kumi, huenda wiki ya sita wakaja mia. Baadhi ya filamu hizo hupata wafuasi: watu wachache lakini waaminifu, waliokwisha kuiona mara kumi na kuyajua maneno yake kwa moyo kama tunavyojua sisi beti za mashairi ya wazee wetu.

Nitoe mfano. Mwezi wa Disemba 1970, mjini New York, msimamizi wa sinema iitwayo Elgin, Ben Barenholtz, alianza kuonyesha usiku wa manane filamu iliyotengenezwa Mexico iitwayo El Topo, ya Alejandro Jodorowsky. Hakuitangaza kwa makelele. Aliiachia midomo ya watu. Watu wakaambizana, ukumbi ukajaa, na filamu ikaendelea usiku baada ya usiku hadi katikati ya 1971. Sinema nyingine zikaiga, na katika miaka ile filamu za usiku wa manane zikawa desturi katika miji mingi ya Marekani. Elgin yenyewe haikudumu. Ilifungwa 1978, na 1982 jengo likafunguliwa upya kuwa ukumbi wa ngoma na dansi uitwao Joyce. Lakini lile alilolianza Barenholtz lilibaki.

Sasa, ndugu msomaji, usinifahamu vibaya. El Topo si filamu ambayo ningemwonyesha mwanangu. Ina damu nyingi na ina uchi. Na katika filamu zilizopata jina kwa mtindo huo wa usiku wa manane, ipo Pink Flamingos ya 1972, iliyotengenezwa makusudi kuchefua watu, na ikafaulu. Wala sitasema ati kila kilichokataliwa na wakubwa ni johari iliyofichwa. Kingine kimekataliwa kwa kuwa kinanuka. Walakini nyumba zile zile, kwa mlango ule ule, ndizo zilizookoa filamu moja ambayo kila mzee wa Mombasa au Lamu anayelalamikia sinema ingempasa aijue.

Filamu hiyo ni The Harder They Come, ya Jamaica, ya mwaka 1972. Aliitengeneza Perry Henzell, na mchezaji mkuu ni mwimbaji Jimmy Cliff. Ilikuwa ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kutengenezwa na Wajamaika wenyewe. Kisa chake ni cha kijana aitwaye Ivan, atokaye shamba kwenda mjini Kingston akitamani kuwa mwimbaji. Anatunga wimbo mzuri, na tajiri wa santuri anampa dola 20 tu. Kazi hana, kwao hawezi kurudi kwa aibu, basi anaingia katika biashara ya bangi, mwisho ashika bastola na kuua askari polisi.

Siku ile ile ya kwanza anapofika mjini, Ivan anapelekwa sinema. Wanaonyesha filamu ya kitaliano ya wapanda farasi na bunduki, ambamo mtu mmoja peke yake anawafyeka maadui kundi zima. Ukumbi mzima unapiga kelele kwa furaha, na Ivan macho yamemtoka. Mwisho wa filamu, Ivan yuko ufukoni, askari wenye silaha wamemzingira, naye anawaita watoe mwanamume mmoja tu apambane naye, vile vile kama alivyoona kwenye pazia. Katikati ya picha hizo, Henzell anaturudisha ukumbini tuwaone watazamaji wakishangilia. Kisha askari wanampiga risasi Ivan, naye anakufa.

Je, kuna hotuba kali kuliko hiyo juu ya kijana aliyeamini uongo wa sinema? Yule sheikh anayesema kwamba filamu humtia mtu ndoto za ujinga amepata shahidi wake, na shahidi mwenyewe ni filamu. Henzell hakusema kwa kukemea. Ametuonyesha tukaona wenyewe.

Filamu hii ilipofika Marekani 1973, kampuni iliyoichukua iliiuza kama filamu nyingine ya bastola na vishindo, na haikwenda. Waliokuja kutafuta bastola hawakuridhika, na ambao wangeridhika hawakujua kwamba ipo. Ni sinema ndogo zilizoiokota. Katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, sinema iitwayo Orson Welles iliendelea kuionyesha kwa miaka. Wanafunzi walikuja, wakatoka wakiimba, wakanunua santuri, na ni kwa njia hiyo watu wengi wa Marekani walisikia muziki wa rege kwa mara ya kwanza.

Na kuna jambo la lugha, ambalo kwangu mimi ni zito. Watu katika filamu ile husema lugha ya mitaa ya Kingston, Kiingereza cha Kijamaika ambacho wenye kujiona wamesoma walikuwa wakikidharau. Ilipopelekwa Marekani ikabidi iwekewe maandishi ya tafsiri chini ya picha. Henzell hakuwaambia wachezaji wake wazungumze Kiingereza cha shuleni ili filamu iuzike. Nasi tuliozaliwa na Kimvita na Kiamu midomoni, tuliofika shule tukaambiwa tuseme "vizuri", twaijua thamani ya uamuzi huo. Jumba kubwa lingemwambia: badilisha lugha. Nyumba ndogo ilisema: wacha watu wasome chini ya picha.

Mfano wa pili ni wa upole zaidi, hauna bastola. Huko Los Angeles, katika miaka ya 1970, mwanafunzi mweusi wa chuo kikuu, Charles Burnett, alitengeneza filamu iitwayo Killer of Sheep kwa fedha zisizofika dola 10,000, akipiga picha mwisho wa juma na kuwatumia jamaa wa mtaani. Ni habari ya baba anayefanya kazi machinjioni, kuchinja kondoo kutwa nzima, akirudi nyumbani amechoka roho asipate usingizi, lakini akikataa kuingia katika uhalifu na rafiki zake. Hakuna zaidi ya hapo. Kwa sababu Burnett alitia ndani nyimbo za watu bila kuzilipia haki zake, filamu haikuweza kuuzwa katika sinema. Mwaka 1990 serikali ya Marekani iliitia katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama hazina ya taifa, na bado watu wa kawaida hawakuweza kuiona kwa tikiti. Ilikuwa hadi 2007, miaka 30 baada ya kukamilika, ndipo nyimbo zilipolipiwa, kwa dola 150,000, na sinema ndogo zikaionyesha. Dola 10,000 kuitengeneza, na mara 15 ya hizo kuifungulia mlango! Bila ya watu waliong'ang'ania kwamba yule mchinja kondoo apate haki yake ya kuonekana, filamu ile ingekufa ndani ya mkebe.

Pengine msomaji atasema: hayo ni ya Jamaica na Marekani, sisi Waislamu wa Pwani yatuhusu nini? Basi tumtazame mtu mmoja ambaye kazi yake imeingia majumbani mwetu. Moustapha Akkad alizaliwa Aleppo, Syria, mwaka 1930, akaenda Marekani kusomea filamu. Ndiye aliyetengeneza The Message, tuliyoizoea kwa jina la Ar-Risala, iliyotoka 1976. Aliitengeneza mara mbili: kwa Kiarabu, Abdullah Gaith akiwa Hamza, na kwa Kiingereza, Anthony Quinn akiwa Hamza huyo huyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, haonekani ndani yake wala sauti yake haisikiki. Makampuni makubwa ya Hollywood hayakuwa na haja nayo. Fedha zake zilitoka kwingine, na kwa taabu.

Mwezi wa Machi 1977 watu wenye silaha waliyateka majengo matatu mjini Washington, wakawashika watu zaidi ya 100, na mojawapo ya madai yao ni kwamba filamu hiyo isionyeshwe. Mwandishi wa habari mmoja kijana aliuawa. Walikuwa wamesikia uvumi kwamba Mtume anaonyeshwa, wala hawakuwa wameiona. Damu ilimwagika kwa sababu ya picha isiyokuwemo. Miaka 41 baadaye, mwaka 2018, Saudi Arabia ilipofungua tena milango ya sinema zake, filamu hiyo hiyo ilionyeshwa huko hadharani.

Na hapa pana jambo la kutushughulisha akili. Akkad huyo huyo, mwaka 1978, alitoa kiasi cha dola 300,000 kumpa kijana aitwaye John Carpenter atengeneze filamu ya kutisha iitwayo Halloween, habari ya mwenda wazimu mwenye kisu. Ikawa mojawapo ya filamu huru zilizoleta faida kubwa mno, na ina wafuasi wake mpaka leo. Mfuko mmoja ulitoa Hamza na ukatoa kisu. Basi ukisema "sinema ni ya Akkad, kwa hivyo ni njema", umekosea, na ukisema "sinema ni ya Akkad, kwa hivyo ni mbaya", umekosea vile vile. Lazima mtu akae, aangalie, apambanue. Akkad mwenyewe alifariki Novemba 2005, yeye na binti yake, kwa mabomu yaliyolipuliwa katika mahoteli ya Amman na watu waliodai kuutetea Uislamu.

Wenzetu wengi wa Pwani wako Ghuba kwa kazi. Walio Dubai huenda wamepita mtaa wa Al Quoz wasijue kwamba huko, tangu 2018, kuna sinema ndogo ya aina hii ninayoizungumzia, iitwayo Cinema Akil. Kwa Kiarabu jina lake huandikwa kwa ain, qaf, ya na lam, na mwenye kusoma ataona mara moja kwamba huo ndio mzizi uliotupa sisi neno letu akili. Huonyesha filamu za Waarabu, Waajemi, Wahindi na wengineo, ambazo majumba makubwa ya madukani hayana nafasi nazo. Iko katika mji wa Waislamu, hali adhana husikika. Hoja kwamba nyumba kama hii ni jambo la Wazungu peke yao haina miguu.

Turudi kwetu. Wazee hawakuwa wageni wa sinema. Mombasa ilikuwa na Regal, Naaz na Majestic. Unguja, Jumapili jioni, familia nzima ilivaa ikaenda kutazama filamu ya Kihindi, na kesho yake mji mzima ukajadili je, yule binti alifanya vyema kumtii babake au hakufanya. Kulikuwa na maonyesho ya zanana, mama zetu wakatazama peke yao kwa heshima zao. Kumbuka hilo: watu walitazama pamoja, kisha wakazungumza. Nyumba zile zilizimika moja baada ya nyingine. Kwanza ziliingia kanda za video, zikafuata sahani, halafu simu.

Na simu ndiyo inayonitia hofu, si kwa kuwa ina picha. Kijana wa leo yuko kitandani, taa imezimwa, na kila picha ikisha nyingine yaja yenyewe. Ni nani amchaguliaye? Si babake wala si mwalimu. Hata yule tajiri wa Regal, ambaye angalau tulijua anakoswali, hayupo. Ni mashine ya hesabu iliyo ng'ambo, isiyomjua, isiyotaka kwake ila asiondoe jicho. Mchaguzi huyo hana uso. Huwezi kumfuata nje ukamwambia, bwana, ile ya leo haikufaa. Tuliikimbia sinema ya mtaani tukidhani tumemhifadhi mtoto. Sasa Ivan yumo ndani ya kila nyumba, anatazama peke yake, wala hakuna wa kumwambia kwamba katika dunia ya kweli askari hawapigani mmoja mmoja.

Basi nasema hivi. Tujifanyie nyumba ndogo. Sisemi tujenge jengo. Ukuta mweupe, projekta ya kuazima, viti vya arusi na chumba cha shule kilicho wazi jioni vyatosha. Mara moja kwa wiki mbili, baada ya Isha. Kibali kiombwe kwa Bodi ya Kuainisha Filamu, na ruhusa iombwe kwa wenye filamu, tusije tukafungwa na nyimbo zisizolipiwa kama Burnett. Wanawake wapate upande wao, au siku yao, kama zamani. Juu ya yote, awepo mchaguzi mwenye jina na uso, mwalimu au mama wa mtaa, ambaye picha ikisha atasimama mbele ya watu na kujibu: nimeichagua kwa sababu hii.

Na akiniuliza aanze na ipi, ninayo. Mwaka 1987 Abbas Kiarostami wa Iran alitengeneza filamu iitwayo kwa maana yake "Nyumba ya Rafiki Iko Wapi?" Mtoto wa shule amechukua kwa bahati mbaya daftari la mwenziwe, na mwalimu amekwisha apa kwamba mwenziwe huyo akija tena bila kazi yake katika daftari atafukuzwa. Mtoto anakimbia kijiji hadi kijiji kulirudisha, na wakubwa wengi aliowauliza hawana nafasi ya kumsikiliza. Hakuna damu wala aibu. Ni amana tu, na mtoto mmoja mwenye kuijali kuliko watu wazima. Nionyeshe mzee wa msikiti atakayetoka hapo akisema hakufaidika.

Wale watakaosema kwamba leo ni hii na kesho italetwa Pink Flamingos, hofu yao naiheshimu, na kwa ajili yao nimeutaja uchafu kwa jina lake. Jawabu langu ni kwamba hofu hiyo ndiyo sababu ya kuwa na mchaguzi tunayemjua. Asipochagua mtu wetu atachagua mwingine, na huyo tayari yuko kazini, usiku na mchana, ndani ya mifuko ya watoto wetu.

Nafunga kwa ubeti mmoja, maana mazoea yana taabu:

Mwenye jamvi la kusema, huwaketisha jirani,
Akachagua kalima, zenye uzito mizani,
Na taa zikisha zima, kila mtu yu makini,
Picha haina lawama, ulizani ni ya nani.